Wino Uliofutwa kwa Limau

Nilirudi kutoka kupiga kura na kidole cheusi mpaka kwenye ukucha. Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akichambua mboga ya lengalenga. Hakuuliza foleni ilikuwaje wala nimempa nani kura. Alikitazama kidole changu, akasukuma beseni pembeni, akainuka taratibu na kuingia jikoni. Nikasikia kisu kikigonga ubao. Aliporudi alikuwa na nusu ya limau mkono mmoja, na mkono wa pili kifuniko cha chupa kilichojaa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Leta mukono," akasema.

Mama yangu siku hizi husahau mengi. Humwita binti yangu kwa jina la dada yake yeye mwenyewe aliyekufa zamani, na akienda dukani hurudi bila kile alichofuata. Lakini wino juu ya kidole changu haukumpotea. Harufu ya limau na javeli ilinipanda puani, na mimi, mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikawa tena na miaka saba. Nikakasirika papo hapo, hata kabla sijajua ninakasirikia nini.

Wenzangu mliokulia Ruashi mtakumbuka zile wiki za chanjo ya surua. Mtu alipita avenyu kwa avenyu na megafoni inayokoroma, na mama zetu wakasimama milangoni, mikono kiunoni, wakibishana kama watuache twende au watufungie ndani. Chini ya turubai kulikuwa na meza moja, viti viwili na glasieri, lile kasha la bluu lenye barafu ndani. Ukishachomwa sindano, unapakwa wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, usije ukachomwa mara mbili. Shuleni tulilinganisha vidole. Asiye na wino tulimcheka kwamba amejificha chini ya kitanda.

Mama alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu. Kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni munganga, awe daktari, awe muuguzi, kwa hiyo yeye alikuwa Mama Munganga, na mimi nilikuwa mutoto wa Mama Munganga, jina ambalo lilinitosha kabisa. Nilijiona mtu. Watoto wengine baba zao walikuwa wanachimba, wanauza, wanasukuma mikokoteni, lakini ni mama yangu mimi aliyeitwa mbio mtoto akikakamaa kwa homa.

Mwaka ninaousema, watu walikataa. Ilisemekana kwamba kwenye mtaa fulani, ambao kila mtu aliutaja kwa jina tofauti, mtoto alichomwa asubuhi akazikwa jioni. Siku ya kwanza ya kampeni turubai lilikaa tupu. Mama alikaa na mwenzake wa megafoni, barafu inayeyuka, na akina mama wamesimama ng'ambo ya barabara, wanatazama tu. Mimi nilikuwa pale kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na nyumbani hakukuwa na mtu wa kunilinda. Nilikuwa nachora kwenye vumbi jekundu kwa kijiti.

Mama akaniita. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Utanisaidia kazi?"

Ee Mungu wangu, ni mtoto gani angesema hapana? Mama hakuwahi kuniomba kitu. Aliniamuru, alinituma, alinigombeza, lakini kuomba, hapana.

"Nitakupiga shindano mbele ya bale bamama," akaninong'oneza. "Usilie. Ucheke. Ukicheka, batoto bote batapona. Umesikia?"

Nilisikia. Akanisimamisha juu ya kiti ili wote waone, akanivua mkono mmoja wa gauni, akainua sauti. "Bamama, muangalie! Huyu njo wangu wa tumbo. Kama hii kitu iko mubaya, ningeanza na wangu?" Pamba ya baridi ikapita begani, halafu sindano. Iliuma, jamani, iliuma mpaka kwenye meno. Nikacheka. Nilicheka na machozi yamejaa puani, nikawapungia mkono kama mke wa gavana. Mama mmoja akavuka barabara na mtoto mgongoni. Halafu wa pili. Kufika saa sita turubai lilikuwa limejaa vilio, na mimi nazunguka na kidole changu cha wino nikiwaambia watoto wakubwa kwangu waache woga.

Jioni ile Mama aliniketisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, akakata limau, akamimina javeli kwenye kifuniko. Akanisugua kidole mpaka ngozi ikawaka.

"Ju ya nini unautoa, Mama?"

"Mutoto wa munganga hatembei na mukono muchafu."

Nikaona ni sawa. Tena niliona ni heshima. Wino ulikuwa wa watoto wa watu, sisi wa nyumba ya munganga vidole vyetu vilikuwa visafi.

Kesho yake turubai lilihamia uwanja wa parokia, na Mama akanichukua. Kiti, bega, "huyu njo wangu wa tumbo", sindano, kicheko. Jioni limau. Siku ya tatu ilikuwa sokoni. Hakuna aliyeniambia kwa nini ninachomwa kila siku, nikajitengenezea jibu mwenyewe: kila siku ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Ya kwanza surua, ya pili malaria, ya tatu kipindupindu. Nilimweleza rafiki yangu Serafina kwamba nikimaliza wiki hakuna kitakachoniweza tena duniani, hata nyoka. Bega langu lilikuwa limevimba na gumu, na usiku sikuweza kulilalia, lakini sikumwambia mtu. Nilikuwa namsaidia Mama kazi.

Serafina alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba, mwanamke mrefu, mikono myeusi mpaka viwiko, na hakuwa mwepesi wa kudanganywa. Kifungua mimba wake alikuwa amepelekwa hospitali na homa, akachomwa sindano, akafia mgongoni mwake wakiwa njiani kurudi. Tangu hapo hakuna sindano iliyopita kizingiti chake. Sasa alikuwa na watatu, Serafina, wa katikati, na Pichu wa miaka miwili, mnene, mwenye macho makubwa, ambaye tulimbeba kwa zamu kama mdoli. Mama alikuwa na hamu ya hao watatu kuliko watoto wote wa Ruashi. Alijua Mama Serafina akija, avenyu nzima itakuja.

Kila jioni wiki ile Mama Serafina aliniita, akaniwekea kiganja cha makala kwenye paji la uso, akanitazama ulimi. Hakunitazama vidole, kwa sababu aliyekuwa anatafuta homa hakuwa na sababu ya kutafuta wino. Siku ya tatu akamwambia Mama, mimi nikiwa katikati yao: "Siku ya tano mukikuya hapa kwetu, nitaleta bangu batatu bote. Lakini si ju ya megafoni. Ni ju ya huyu mutoto. Nimemuona, iko muzima."

Mama alipofika ndani alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Sikumbuki kama aliwahi kunikumbatia vile tena.

Siku ya nne tulikwenda Kasungami. Kufikia hapo nilikuwa naijua kazi kama mwanafunzi wa uuguzi. Kulikuwa na vitu viwili, kichupa chenye unga mkavu chini yake, na ampuli ya kioo yenye maji. Unavunja shingo ya ampuli, unavuta maji, unayaingiza kwenye kichupa cha unga, unatikisa kidogo, ndipo unavuta dawa ya kumchoma mtoto. Nilikuwa nimeona hivyo mara mia. Siku ile nilikuwa juu ya kiti, watu bado wanakusanyika, nikatazama chini. Mama alivunja ampuli, akavuta maji, akapima kwa jicho, akanigeukia mimi.

Kichupa cha unga kilikuwa bado kwenye barafu, kizibo chake hakijaguswa.

Sindano ikaingia. Nikacheka kwa mazoea. Kisha nikamwona akikichukua kile kichupa, anakitilia maji, anatikisa, anamchoma mtoto aliyefuata kwa dawa yenye unga wake. Na wa baada yake. Na wote.

Njiani kurudi nilimwuliza. "Mama, yangu haukutia unga."

"Umeona vibaya."

"Nimeona. Ni maji tu."

Akasimama katikati ya njia. "Nyamaza. Kama mutu akikusikia, nitakuchapa mpaka usahau jina yako. Umesikia?" Nilisikia. Jioni alinisugua kidole kwa nguvu kuliko siku zote, na hakunitazama usoni.

Ninyi wakubwa mnaosoma mmeshaelewa. Mimi wa miaka saba sikuelewa hata kidogo, au nilielewa kwa namna yangu. Unga ndio ulikuwa dawa. Mama alikuwa na dawa kidogo, na ile dawa aliwapa watoto wa wenzake, wale wenye kamasi na kelele, wanaomkojolea mapajani. Mimi, wa tumbo lake, ambaye sikulia, alinipa maji. Niliona kwamba mama yangu hanipendi, tena ananicheka mbele za watu. Nililala chali kwa sababu ya lile bega, machozi yananiingia masikioni, na nilimchukia. Nasema ukweli. Nilimchukia mama yangu jinsi mtoto anavyoweza, bila kubakiza kitu.

Asubuhi ya siku ya tano nilikutana na Serafina bombani. Akaniuliza kama ya Kasungami iliuma.

"Ni maji," nikamwambia. "Sindano ya Mama ni maji tu. Nimeona na macho yangu."

Nilitaka anihurumie, basi. Nilitaka mtu mmoja ajue nilivyofanyiwa. Serafina akaacha ndoo yake chini ya bomba na kukimbia nyumbani.

Turubai lilisimamishwa kwenye kona ya avenyu yetu. Nilivuliwa mkono wa gauni, nikapanda kitini. Mama Serafina alikuja, kweli alikuja, Pichu akiwa kiunoni, wengine wawili wamemshika kitenge. Nyuma yake walikuwa wanawake labda ishirini. Mama alimwona, uso wake ukang'aa.

Mama Serafina akapita moja kwa moja mpaka kwangu. Akanishika mkono wa kushoto, akakiinua kidole cha mwisho, akakinusa.

"Limau," akasema. Kisha akamgeukia Mama, wala hakupandisha sauti. "Mama Munganga, mutoto wako amepigwa shindano siku ya kwanza. Leo ni ya tano. Wino iko wapi?"

"Ameoga."

"Bangapi banaoga na wino haitoke? Na banasema jana ulimupiga tena kule Kasungami. Na juzi kule soko. Shindano moja ya kutosha, njo munatuambia sisi. Wa kwako unamupiga ngapi? Unamupiga nini?"

Megafoni ilikuwa imezimwa. Mama angeweza kusema ukweli pale. Nimefikiri miaka yote hii: maneno mawili matatu, na akina mama wale hawakuwa wajinga. Badala yake akafanya kile alichozoea kufanya wiki nzima. Akanitumia mimi.

"Umuulize yeye mwenyewe," akasema, na akanitazama kwa jicho lile la jana njiani, huku mdomo unatabasamu. "Mamu, baambie. Nakupiga nini?"

Nilijua anataka nini. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, bega linauma, wote wananitazama, na mama yangu alikuwa ananiomba nimsaidie kazi kwa mara ya tano.

"Maji," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Waliondoka mmoja mmoja, wanavuta watoto wao kwa mikono, na Mama Serafina akaondoka wa mwisho, Pichu akinipungia mkono kwa nyuma ya bega lake kwa sababu alidhani tunacheza. Mama alifunika glasieri. Hakunichapa. Siku ile wala siku nyingine hakunichapa kwa ajili ya neno lile, na mpaka leo sijui kama ni huruma au ni nini.

Surua ilifika na mvua. Ilipita mtaani ikichagua, na wale wa uwanja wa parokia na wa sokoni iliwaruka, ikaja kukaa kwetu. Mimi haikunigusa. Pichu alianza na macho mekundu na kikohozi. Mama alikwenda pale kila siku na vidonge vya vitamini, vile vya kulinda macho ya mwenye surua, kwenye mfuko wa koti, akasimama nje ya mlango akimsihi Mama Serafina amruhusu ampe mtoto. Nilimsikia kutoka uani kwetu. "Nakuomba, mama. Nichukie mimi, lakini umufungulie." Mlango haukufunguliwa. Ulipokuja kufunguliwa, Pichu alikuwa hai, na jicho lake la kulia lilikuwa limegeuka jeupe kama yai lililochemshwa.

Baada ya hapo Mama alihamishiwa Mitwaba, mbali na Ruashi. Alikaa huko zaidi ya mwaka, mimi nikaachwa kwa shangazi. Serafina hakucheza nami tena, na sikuthubutu kupita mbele ya yale makala. Nilizunguka na avenyu ya nyuma mpaka nilipoolewa.

Nilikuwa nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza nilipopata ujasiri wa kumwuliza. Alikuwa anamkanda mjukuu wake kwa mafuta. Akajibu bila kusita, kama mtu aliyengojea swali kwa miaka.

"Siku ya kwanza ulipata ya kweli. Ningekuchoma dawa ile kila siku? Dozi zilikuwa za batoto bengine. Yale maji haina kitu, iko safi."

"Ungeniambia, Mama. Ningenyamaza. Ningekusaidia nikijua."

Akatikisa kichwa. "Ungejua, usingecheka vile. Bamama banajua mutoto mwenye anajifanya. Nilikuwa na haja ya mutoto mwenye anaamini."

Akaendelea kumkanda mtoto wangu miguu. Nami nilisimama pale nikiona kwamba sindano haikuwa kitu, maji hayakuwa kitu. Kilichotumika wiki ile nzima ni kumwamini kwangu. Alikichukua kama alivyochukua pamba, akakimaliza. Na kilipogeuka, kikala jicho la mtoto ambaye hakuwa na kosa, na mpaka leo sijui katika lile jicho fungu langu ni lipi na lake ni lipi.

Basi sasa niwaambie yaliyonipata kule kwenye kura kabla sijarudi kwa Mama. Kwenye foleni nilimkuta Pichu. Ni mwanamume mkubwa sasa, ana duka la vipuri vya pikipiki, ana mke na watoto. Alipiga kura mbele yangu, akanisubiri mlangoni, akaninyooshea kidole chake cheusi, na lile jicho moja lilikuwa linacheka.

"Dada, safari hii wino iko ya kweli?"

Akacheka mwenyewe, akanipiga begani, bega lile lile, bila kujua. "Musalimie Mama Munganga," akasema. "Batoto bangu bote bamechanjwa. Mama yangu alibapeleka yeye mwenyewe." Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia.

"Leta mukono," Mama akarudia. Limau lilikuwa linamdondokea kwenye vidole.

"Nimemwona Pichu. Anakusalimia."

Nilidhani amesahau Pichu ni nani. Kisha akasema polepole, akitazama lile limau, "Batoto bote balilia. Wewe haukulia hata siku moja. Sijaona mutoto kama wewe."

Miaka yote nilikuwa nangoja aniombe msamaha, akanipa sifa. Na aibu yangu ni kwamba nilifurahi. Kitu kilinipanda kifuani, kile kile cha juu ya kiti, na nilipotazama chini nikaona mkono wangu umeshanyooka wenyewe kuelekea kwake, kidole mbele.

Nikaurudisha.

"Wacha, Mama," nikamwambia. "Huu utatoka wenyewe."